Bi Pimbi na Kano ya Kisigino

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walikuwa bado hawajachoka kuzungumza na watu, palikuwa na pimbi mmoja aliyeishi katika ufa wa jabali. Wote walimwita Bi Pimbi. Kimo chake kama chungu cha mboga, mkia hana, lakini kwa kuunga mifupa hakuwa na mpinzani. Swala akiteguka, kwa Bi Pimbi. Kanga akivunjika bawa, kwa Bi Pimbi. Tena alikuwa na desturi yake: anayeumwa akifika mlangoni kwake ni mgeni wake, na mgeni huyo haondoki ila kwa miguu yake mwenyewe.

Basi, asubuhi moja, akasikia nje: Pu!

Akachungulia. Lo! Bi Mbodze, mrina asali wa kijiji cha juu, alikuwa chini, anagaagaa. Kamba aliyoteremkia kufuata nyuki ilikuwa bado inaning'inia jabalini, lakini yeye imemponyoka. Mguu wake wa kulia umegeuka upande, hautazamiki.

"Bi Pimbi, nakufa!"

"Hufi. Tulia nikupapase."

Akaanza kisiginoni, vidole vyake vidogo vikienda taratibu. "Huku nyuma saba, mzima, mzima... Katikati mitano. Haya, vidoleni: gumba lina miwili, wenzake mitatu mitatu. Ishirini na sita! Yote mizima, mama!"

Bi Mbodze akasahau kulia. "Ishirini na sita? Kwenye huu mguu mmoja?"

"Ulidhani unatembelea gogo? Hakuna uliovunjika. Ni kifundo tu kimehama mahali pake. Kikivutwa, kinarudi."

"Basi vuta!"

Bi Pimbi akakikumbatia kisigino, akavuta. Akavuta tena mpaka macho yakamtoka. Puu! Akaanguka chali. Kifundo hakikujongea hata kidogo.

Hapo Bi Pimbi akaona uchungu, wanangu. Kujua anajua, nguvu hana. Na bila mguu Bi Mbodze hawezi kupanda kamba, na huku chini si mahali pa mtu kulala.

Hata kabla hajafuta vumbi, vichaka vikaita: kacha, kacha, kacha. Wakatokea Simba na Fisi, bega kwa bega.

"Hodi hapa!" akasema Fisi, mate yanamchuruzika. "Kheee-he-he! Tumesikia una mgeni."

"Tumekuja kumchukua," akasema Simba.

Moyo wa Bi Pimbi ukapiga ti-ti-ti. Lakini aliwatazama wale wawili, mabega yale, shingo zile, akawaza: nguvu nilizokuwa nazitafuta, si hizi zimejileta?

"Shikamoo, Mzee Simba. Karibuni, wazee wangu. Mmeshapatana namna ya kugawana?"

"Zamani!" akasema Fisi. "Nyama yote yake Mzee, mifupa yote yangu."

"Vizuri. Na kano je?"

"Kano gani?"

Bi Pimbi akagusa nyuma ya mguu wa Bi Mbodze, juu ya kisigino. "Hii hapa, nene, ngumu. Hii ni ya nani?"

Simba akainama, akanusa. "Yangu. Huoni inatoka kwenye shavu la mguu? Shavu la mguu ni nyama."

"Samahani, Mzee," akasema Fisi. "Huoni inaingia kisiginoni? Kisigino ni mfupa. Tena mimi mifupa naijua, usinifundishe."

"Nani anakufundisha? Nimesema ni nyama!"

"Mfupa!"

"Nyama, ngrrr!"

"Jamani, msigombane mlangoni kwangu," akasema Bi Pimbi. "Kwetu sisi mafundi jambo hili halisumbui. Tunapima. Mzee Simba akae upande wa nyama, ashike mguu hapa, chini ya goti. Bwana Fisi akae upande wa mfupa, ashike kisigino. Mvute. Ikivutika, nyama. Ikikataa, mfupa."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na hakika atamshinda mwenzake.

Bi Pimbi akamnong'oneza Bi Mbodze: "Uma kitambaa. Usiogope."

"Bi Pimbi, huyu ni simba!"

"Leo ni msaidizi wangu."

Simba akanyoosha mkono. "Makucha ndani, Mzee!" akafoka Bi Pimbi. "Ukitoboa, utamu wote utamwagika mchangani." Simba akarudisha makucha haraka, kama mtoto aliyekaripiwa. Fisi naye akafungua kinywa. "Meno hapana! Ukiumega mfupa kabla ya kupimwa, kesi umeshindwa. Tumia mikono."

Hapo sasa wakavuta. Simba kwake, Fisi kwake.

"Polepole!" Bi Pimbi akawa anaruka huku na huku. "Bwana Fisi, shusha kidogo. Geuza ndani. Mzee, usilegeze! Usilegeze! Haya, sasa... vuta!"

KWA!

Bi Mbodze akapiga yowe mpaka nyuki wakatoka nyufani.

"Imelia!" akapayuka Fisi. "Mmesikia? Nyama hailii kwa! Ni mfupa!"

"Imevutika!" akanguruma Simba. "Nimeiona kwa macho yangu! Ni nyama!"

"Mzee, usinidhulumu!"

"Unaniita mimi dhalimu?"

Simba akamrukia Fisi, Fisi akamshika Simba sharubu, wakaanza kubingirika. Gubu! Gubu! Vumbi tii!

Bi Pimbi hakungoja kuona mshindi. Kifundo kilikuwa kimerudi mahali pake; akakizungushia gome laini, akakaza, akafunga. "Chezesha vidole."

Vidole vitano vikacheza. Bi Mbodze akaanza kulia, safari hii kwa furaha.

"Utalia juu! Panda! Huo mguu usiukanyagie sana, ujishikizie tu."

Bi Mbodze akashika kamba. Mkono, mkono, mguu. Mkono, mkono, mguu. Bi Pimbi akapanda jabali ubavuni kwake akimtia moyo, "Bado kidogo, bado kidogo." Walipofika juu, wale wawili chini wakakumbuka chakula chao. Hakuna kitu.

"Bi Pimbi!" akaita Fisi, sikio limelegea. "Angalau tuambie basi. Nani kashinda?"

"Hakuna. Kano si nyama wala si mfupa. Kazi yake ni kuvishikanisha hivyo viwili, mtu akatembea."

Simba akakohoa. "Sasa sisi tulikuwa tunapima nini?"

"Mlikuwa mnamganga mgonjwa wangu, Mzee. Mimi peke yangu nilishindwa. Ahsanteni sana, mna mikono myepesi!"

Bi Mbodze akakanyaga mwamba kwa uangalifu: kisigino kwanza, kisha gumba, kisha vidole vyote. Akapiga hatua moja, akachechemea. Ya pili, akachechemea kidogo. Ya tatu akawa anacheka kwa sauti, huyo, anakwenda kwao.

Hadithi yangu imefika mlangoni, wanangu, na funzo lake ni hili: mnyonge anayejua kazi yake humfanya hata adui mwenye nguvu amsaidie kuifanya.