Nyota Mbichi kwenye Mtutu

Ndugu zangu, leo nawapeleka mbali kidogo, kwenye nchi ya barafu, ile iliyokuwa ikiitwa Urusi ya Kisovieti. Nawe unayesinzia pale nyuma, amka, maana mfano huu una mizinga.

Alikuwako huko jenerali mmoja wa ulinzi wa anga, mtu mzima mwenye kifua kilichojaa nishani. Ujana wake aliutumia kwenye mizinga ya kutungulia ndege, akaja kukabidhiwa makombora, mwisho akawa mlinzi wa anga ya jimbo zima. Mji wake ukamheshimu kwa kuuweka mzinga wake wa zamani, ule wa wakati wa vita, katikati ya uwanja. Kwenye mtutu zilichorwa nyota nyekundu, moja kwa kila ndege aliyoitungua. Ndiyo desturi ya wapiga mizinga. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya ushindi, askari waliupaka rangi upya.

Nyota nyingine zote zilikauka siku hiyohiyo. Nyota ya kwanza, ile iliyo karibu na mdomo wa mtutu, haikukauka. Jua liwake, upepo uvume, ukiigusa vidole vinatoka vyekundu. Askari wakasema rangi ya mwaka huu mbovu. Mwaka uliofuata wakasema vilevile. Wakaikwangua mpaka chuma kikaonekana, na asubuhi wakaikuta palepale, mbichi. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuizungumzia tena. Jenerali naye hakuuliza kitu, ila alianza kuvaa glavu hata siku za jua kali.

Maana yeye aliijua. Alipokuwa luteni, ndege ya adui iliwaponyoka ikalipua stesheni ya treni, na mkubwa wake akamwambia, "Ikipita nyingine, utasimamishwa ukutani upigwe risasi wewe." Kesho yake ikatokea ndege moja kwenye ukungu, inayumba, redio yake kimya. Walikuwa na ishara yao: rubani asiyeweza kujibu kwa redio hutikisa mabawa, kushoto na kulia, kusema mimi ni mwenzenu. Ndege ile ikatikisa mabawa.

"Afande, ni wetu!" askari wa kupakia mzinga alipiga kelele. "Anatikisa! Si unaona?"

Aliona. Ndugu zangu, aliona vizuri kabisa. Lakini mawazo yake yote yalikuwa kwenye ukuta ule.

"Piga," akasema.

Ndege ikazama kwenye kinamasi nyuma ya msitu, na kinamasi hakirudishi kitu. Luteni akatoa taarifa kuwa ilikuwa ya adui. Akachorewa nyota, akavishwa nishani ya kwanza, na njia ya ujenerali ikafunguka. Baadaye, akiwafundisha maofisa vijana, alikuwa akiwafokea, "Tazameni mabawa kwanza! Mabawa!" Vijana walimcheka kichinichini, hawakujua mzee ana nini na mabawa.

Sasa, kwenye sikukuu ile hakukosa kuja mama mmoja mkongwe. Mwanawe alikuwa rubani, akapotea vitani siku ileile ya ukungu, hakikuonekana hata kifungo cha koti lake. Jenerali alimwekea kiti cha mbele kabisa, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Mama alikunywa, akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye nyota ile akaipapasa. Kisha akamgeukia, vidole vyekundu.

"Mwanangu," akamwuliza kwa upole, "huyu wa kwanza alikuwa nani?"

"Adui, mama."

"Haya." Akafuta vidole kwenye leso, akaenda zake.

Kila mwaka swali lilelile, na jibu lilelile. Mtu aliyeamuru makombora, anashindwa na bibi mwenye leso! Aliogopa nini? Nishani zake? Jina lake? Mimi nadhani aliogopa kuona uso wa yule mama ukibadilika.

Hatimaye, mwaka mmoja, moyo wake ulichoka. Akaapa: safari hii nitasema, liwalo na liwe. Siku ya sikukuu hakuvaa glavu. Akasogeza kiti, akamimina chai, akangoja. Chai ikapoa. Aliyekuja ni mwanamke mmoja, jirani wa yule mama, naye alikuwa peke yake.

"Bibi alifariki barafu ilipoanza kuyeyuka," akasema. "Ameniachia ujumbe nikuletee. Yule askari wako wa kupakia mzinga alimtafuta zamani sana, akamweleza yote, na habari ya mabawa. Bibi anasema alikusamehe tangu siku ile. Alikuwa anakuja kila mwaka akingoja umwambie wewe mwenyewe."

Jenerali aliinuka, akaenda kwenye mzinga akaweka kiganja juu ya nyota. Akakiondoa, akakitazama. Kilikuwa kisafi. Akasugua, akasugua tena, mpaka ngozi ikachubuka. Nyota ilikuwa imekauka.

Ndugu zangu, niliwaona nilipotaja ile rangi isiyokauka, mlisisimka. Mimi siogopi nyota mbichi. Ule ubichi ulikuwa rehema. Naogopa iliyokauka.

Na sisi je? Sisi nasi tuna nyota tulizochorewa, tunapigiwa makofi kwa ajili yake, na tunajua vizuri mabawa yalitikiswa. Mungu naye anakuja, anatuuliza taratibu, huyu alikuwa nani? Haulizi kwa kuwa hajui. Anakuja na msamaha mkononi. Nasi tunamwekea kiti cha mbele, tunamwimbia kwa sauti nne, tunampa heshima zote, halafu tunamjibu: adui, Bwana. Alikuwa adui. Yule ndugu niliyemfukuza shambani, alikuwa adui. Yule dada niliyemchafulia jina, naye adui.

Kama leo kuna jambo linakuchoma hapo ulipoketi, mshukuru Mungu, bado ni bichi. Huyo uliyemkosea huenda yuko benchi moja na wewe, na huenda anajua kila kitu, anangoja tu. Mimi nanyamaza sasa. Usingoje nimalize ibada. Inuka umwendee, chai isije ikapoa.