Zamu za Kiboko kwa Herufi za Tumbo

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kama mliokula ugali wa jana. Paukwa!

Pakawa!

Nimekuja na ngano. Ina kichwa, ina mkia, tena ina pambizo kushoto na kulia.

Itandaze tuione!

Haya. Hapo kale, ila si kale sana maana kompyuta zilikuwapo, aliondokea Kindi. Kindi aliishi na wanawe wawili ndani ya tundu la mkuyu, na tundu hilo hilo ndilo lilikuwa ofisi yake. Kazi yake ilikuwa kuandaa nyaraka za msitu mzima. Msiniulize umeme aliutoa wapi. Anayetaka habari za umeme akatafute fundi.

Kindi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kwanza aliandika kwa XML, yaani kila neno alilivalisha lebo: hili ni jina, hii ni siku, hii ni zamu. Lebo haisemi neno liwe nene au jembamba, inasema tu neno lenyewe ni nani. Kisha aliipa mashine, mashine ikapanga kurasa, kwaru kwaru kwaru, tii, na PDF ikatoka. Watu husema PDF ni waraka ulioganda, kwamba ukitoka hivi kwako utafika hivi hivi kwa mwenzio. Husema hivyo wasioifanya hiyo kazi. Kindi aliyajua maradhi yake. Kuna siku jedwali lilitoka nje ya karatasi, mkia ukabaki hewani. Kuna siku kichwa cha habari kilibaki peke yake chini ya ukurasa, habari yenyewe imehamia ukurasa wa pili. Kuna siku herufi zote zilifika kwa msomaji zimegeuka visanduku vitupu. Na kila mara mashine ilikuwa imetoa onyo, ila mwenye kazi alikuwa na haraka.

Basi Kindi akaweka desturi. Kazi haitoki ofisini kwake mpaka mteja asomewe maonyo yote, na apige mhuri kwamba ameyasikia.

Sasa, waraka uliokuwa na uzito kuliko nyaraka zote ni ule wa zamu za bwawa. Kiangazi kikiingia mto hukauka, hubaki bwawa moja tu, na kila mnyama hupewa siku yake ya kunywa. Jumatatu ilikuwa ya Kiboko. Jumanne ya Digidigi. Jumatano ya Panya. Alhamisi ya Kindi. Ijumaa ya Nungunungu. Jumamosi ya Kanga. Jumapili ya Pongo. Na kila mwenye zamu ana akiba wake, yaani atakayekunywa siku hiyo iwapo mwenye zamu hayupo.

Waraka huo Kindi huupeleka kwa Korongo, msomaji wa bwawa. Korongo huufungua kwenye kompyuta yake mwenyewe na kuuchapa kwa printa yake mwenyewe, ili mwandishi asije akaleta karatasi aliyoipika nyumbani. Husoma mara moja, siku ya kwanza ya kiangazi, na anachokiona ndicho anachokisoma. Wanyama wana neno lao: lililosomwa limesomwa. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, mpaka masika. Asiyesomeka huhesabiwa hayupo.

Aliyelipenda neno hilo kuliko wote ni Kiboko. Mwaka uliotangulia, wino wa Korongo ulikwisha mahali pa jina la Pongo, jina likatoka jeupe. Akiba wa Pongo alikuwa nani? Kiboko. Pongo akasema mimi hapa, mnaniona. Kiboko akasema lililosomwa limesomwa, akainywa Jumapili ya Pongo kiangazi kizima. Pongo akawa analamba tope, na mtoto wake mdogo hakuiona masika. Kindi alikuwapo siku ile. Alinyamaza, na kule kunyamaza kulimuuma mwaka mzima.

Siku tatu kabla waraka haujasomwa, Kindi akasikia: du, du, du. Mkuyu ukatikisika. Mlango wote ukajaa pua.

Alikuwa Kiboko, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa bwawa. Kaja na mhuri wake na flashi. Hakubisha hodi, hakuuliza habari za watoto. Akasema orodha ameiona na haikumpendeza, siku zote saba ziandikwe Kiboko. Kindi akauliza, na hawa wengine wenye siku zao? Kiboko akasema wafutwe. Kindi akasema baraza la wanyama lilishakubaliana. Kiboko akasema baraza haliwezi kuukalia mkuyu huu, yeye anaweza. Akaegemeza ubavu kidogo tu, kraa, na wanawe Kindi wakaanza kulia ndani.

Kindi aliogopa. Asiyeogopa kiboko mlangoni kwake ana kasoro. Akikataa, mti unakwenda na wanawe ndani. Akikubali, wanawe watalamba tope kama mtoto wa Pongo. Basi akafanya lile alilozoea kufanya kila siku, akauliza maswali ya kazi.

"Mwenyekiti, hawa uliowaondoa niwaweke wapi?" akauliza. "Nikiwafuta kabisa, watu wataona jina lako tu, hawatajua umewakalia akina nani. Au niwashushe kwenye safu ya akiba?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda. Akasema washushwe akiba, waonekane walivyoshuka, na Jumatatu abaki akiba wake wa siku zote, Kobe. Haidhuru kitu, akasema, kwani yeye hakosekani hata siku moja.

"Herufi za jina lako, unene gani?"

"Nene kuliko zote."

"Ukubwa?"

"Unaniona nilivyo."

Ndipo akaitoa ile flashi. Ndani mlikuwa na fonti, yaani umbo la herufi, iliyochongwa na shemeji yake Ngiri, kwa ajili yake yeye tu, kila herufi ina tumbo. Akakataza isiguse jina la mnyama mwingine yeyote. Hao waandikwe kwa fonti ya kila siku, ile nyembamba. Kindi akasema mteja ndiye mwenye kauli.

Akaipachika fonti ya Ngiri kwenye kompyuta yake, akaandika. Kwaru kwaru kwaru, tii. Ikatoka. Ila jina lililotakiwa si Kiboko tu. Lilikuwa Mheshimiwa Mwenyekiti Bwana Kiboko wa Bwawa na Vijito Vyake, na kwa herufi zile za tumbo safu yake ilivimba ikaisukuma safu ya akiba nje ya karatasi. Nungunungu alibaki nusu. Panya hakubaki kabisa. Kindi akashtuka kuliko alivyoshtuka kuona pua mlangoni. Akiba wakipotea, maji yamepotea.

Kiboko hakuona kasoro yoyote. Jina lake lilikuwa zima. Akainua mhuri.

Kindi akamwambia polepole kwamba jedwali limekosa adabu. Barazani, nani huingia mwisho, wote wakiwa wameshakaa? Kiboko akasema mkubwa. Basi, akasema Kindi, na safu ya mkubwa ikae mwisho, na jina likunjwe mistari minne, lijaze nafasi juu mpaka chini. Kiboko akaona ni maneno ya heshima, akakubali. Kindi akapima upya. Safu ya siku akaipa upana wa siku. Safu ya akiba akaipa upana wa jina la Nungunungu, ambalo ndilo refu. Upana uliobaki akampa mkubwa. Kwaru kwaru kwaru, tii. Siku, akiba, mwenye zamu, kila kitu ndani ya pambizo.

Na chini kabisa mashine ikatoa onyo moja.

Kindi akalisoma kimya, akalirudia. Ngiri, kwa kuogopa kuibiwa, alikuwa ameifunga fonti yake kufuli. Inatumika kwenye kompyuta ilimopachikwa, basi. Haikubali kufungashwa ndani ya faili na kusafiri nayo. Hapa kwa Kindi jina lilionekana na matumbo yake yote. Kwa Korongo, asiye na fonti ya Ngiri, Kindi alijua litafika vipi. Angeweza kunyamaza. Lakini alikwisha kunyamaza mara moja maishani mwake, na hakupenda ladha yake.

"Mwenyekiti, kuna onyo," akasema. "Fonti hii haitakwenda na waraka. Kwa Korongo jina lako litatoka visanduku. Dawa yake ni ndogo: nikuandike kwa fonti ya Panya, onyo litaondoka."

"Fonti ya nani?"

"Ya Panya."

Kiboko akacheka, matawi yakacheza. Akasema jina analiona hapo kwa macho yake mawili, nene, limeshiba, hivyo visanduku viko wapi? Kindi akasema viko kwa Korongo. Kiboko akasema wadogo wana maneno mengi. Kindi akasema desturi ya ofisi ni kumsomea mteja mara tatu. Akasoma mara ya pili, Kiboko akapiga miayo. Akasoma mara ya tatu, Kiboko akasema sawa, sawa, sawa, akagonga mhuri wake palipoandikwa nimesikia maonyo. Du.

Akaenda zake, du, du, du. Kindi akawafuta wanawe machozi, kisha akaupeleka waraka kwa Korongo kama ulivyo.

Siku ya kwanza ya kiangazi wanyama wakakusanyika bwawani. Mlinzi alikuwa Tembo. Tembo hana zamu, maana huchimba maji yake mwenyewe mchangani, na ndiyo sababu alipewa ulinzi. Kiboko kasimama mbele kabisa, ulimi nje. Printa ya Korongo ikakoroma, krrr, krrr. Korongo akachukua karatasi, akakohoa.

"Jumatatu. Akiba, Kobe. Mwenye zamu, kisanduku, kisanduku, kisanduku."

Korongo akaitazama karatasi kwa jicho la kushoto, akaitazama kwa la kulia. Akaendelea.

"Jumanne. Akiba, Digidigi. Mwenye zamu, kisanduku, kisanduku, kisanduku. Jumatano. Akiba, Panya. Mwenye zamu, kisanduku, kisanduku, kisanduku."

Alhamisi, akiba Kindi, kisanduku, kisanduku, kisanduku. Akaenda hivyo hivyo mpaka Jumapili, akiba Pongo. Visanduku vilikuwa vinene, hilo lazima lisemwe. Vilijaza nafasi yake juu mpaka chini.

Kiboko akasema huyo ni yeye. Korongo akasema hapa hakuna Kiboko, kuna visanduku, na yeye hajawahi kukutana na mnyama wa jina hilo. Kiboko akasema, mimi hapa, mnaniona.

Pongo akatoka nyuma ya wenzake. Hakupaza sauti.

"Lililosomwa limesomwa," akasema.

Wanyama wote wakaitikia, limesomwa. Tembo akapiga hatua moja mbele, moja tu, ikatosha. Na kwa kuwa mwenye zamu asiyesomeka hayupo, Kobe akajikokota, ko, ko, ko, akainamisha shingo, akanywa.

Kiboko akaenda mbio mpaka kwenye mkuyu akamwambia Kindi arekebishe. Kindi akamwonyesha karatasi yenye mhuri. Akamwambia kurekebisha ni kazi ya kupepesa jicho, ni kubadili jina la fonti tu, na angeifanya siku ile ile alipomwambia mara tatu. Sasa ni mpaka masika. Kiboko akautazama mkuyu. Kisha akatazama nyuma, akamwona Tembo amesimama anajipepea masikio, akarudi alikotoka.

Kiangazi kile hakuna mtoto aliyekufa. Kila Alhamisi wanawe Kindi walikunywa mpaka matumbo yakalia kwata kwata, na Kindi aliwatazama akafurahi hata akasahau kunywa yeye. Kiboko alikunywa masalio, baada ya wote. Kindi siku yake alimwachia zaidi kidogo kuliko wengine. Si huruma tupu. Kiboko akifia bwawani huharibu maji.

Masika yakaja, yakapita, orodha mpya ikaandaliwa. Kindi akasikia: du. Kimya. Du. Kimya. Kisha sauti ikasema hodi.

"Karibu, Mwenyekiti. Siku ngapi?"

"Moja. Jumatatu."

"Unene?"

"Wa kila siku."

"Ukubwa?"

Kiboko akatazama chini. "Ule wa Panya."

Kwaru kwaru kwaru, tii. Kindi akatazama chini ya ukurasa, akasema safari hii hakuna onyo. Kiboko akamwomba asome tena. Kindi akasoma tena, hakuna. Kiboko akaomba mara ya tatu, ndipo akapiga mhuri, taratibu.

Ngano yangu naikunja hapo, mkia wake nimeuingiza ndani ya karatasi. Ikiwa imenoga, mkaichape kwenu. Ikiwa imetoka visanduku, tatizo liko kwenye masikio yenu, kwangu ilikuwa inaonekana vizuri.

Na funzo lake, shikeni. Ukiwa mkubwa, usikubali kamwe kuandikwa kwa herufi moja na Panya, ni aibu kwa ukoo. Na mashine ikikuonya, sema sawa upesi uendelee na shughuli zako, maana maonyo hupotezea wakubwa muda. Mtazameni Kindi. Maisha yake yote amekaa akisoma maonyo mpaka mwisho, na mpaka leo hajanenepa.