Dumu la Kwanza

Sogeeni karibu, nina kesi mkononi na hukumu yake imenishinda.

Kule Singida palikuwa na kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, mali ya Bi Njiku, mjane. Watu arobaini walikula kupitia kiwanda hicho, na walioongoza kazi walikuwa watatu. Sabina alikuwa na jicho la kuona mbali. Mkhoi alikuwa na mikono ya kufufua mashine. Filemoni alikuwa na ulimi wa kumtuliza hata mkwe aliyekasirika.

Desturi yao ilikuwa hii: msimu ukiisha, dumu la mafuta yaliyokamuliwa kwanza hupewa yule aliyeubeba msimu, pamoja na funguo za kiwanda. Yeye ndiye mkuu mpaka msimu ujao.

Mwaka huo mafuta ya nje yalijaa madukani kwa bei ya kutupa, na viwanda vya jirani vikafungwa.

Sabina alikuwa ameshawahimiza wakulima wapande mbegu inayokomaa mapema. Wengi walimcheka, wachache wakamsikiliza. Mvua ilipokatika mwezi wa pili, ni mashamba ya hao wachache tu yaliyotoa alizeti.

Mhimili wa mashine ulipokatika, spea haikupatikana popote. Mkhoi alichonga mwingine kwa chuma cha trekta bovu, siku tisa, na akapoteza kidole.

Walanguzi nao walikuja na malori kuzoa mazao. Filemoni alizunguka vijiji kwa miguu akiwasihi wakulima, nao wakamletea alizeti kwa ahadi tu.

Na bado mafuta hayakununuliwa. Madumu yalijaa ghala mpaka mlangoni, na Bi Njiku akaanza kutafuta maneno ya kuwaaga watu wake. Ndipo meli iliyokuwa ikileta mafuta ya nje ikaharibika njiani. Maduka yakawa matupu, na kwa wiki mbili ghala lote likaisha.

Siku ya kutoa dumu, Bi Njiku alilia mbele ya watu.

“Marehemu mume wangu mlimpa dumu hili mwaka wa mvua nzuri, mkamwita bingwa,” alisema. “Mwaka uliofuata ukaja ukame, mkamwita mzembe, na jina hilo ndilo lililomzika. Mvua haikuwa yake, wala ukame. Leo nimpe nani?”

Asubuhi ile redio ilikuwa imetangaza kwamba meli nyingine tatu za mafuta zimetia nanga.

Mkhoi alisema apewe Sabina. Filemoni akaunga mkono upesi mno, kama mtu anayekwepa mzigo.

“Ile meli sikuiona, mama,” Sabina akajibu. “Na hizi tatu nimezisikia, lakini sijui nizifanyeje.”

Basi dumu likabaki mezani na funguo juu yake. Nje, watu arobaini walisimama wakingoja kuambiwa kesho watamfuata nani, na baadaye watamlaumu nani.

Mimi nimeshindwa. Je, wewe ungeliweka dumu lile mikononi mwa nani, na ungemtazamaje machoni ukimpa?