Meno Nje, Gazeti la Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kinyonge, utadhani mmeshiba wali wa harusi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, palikuwa na Nungunungu mmoja, mfupi wa shingo na mwingi wa maneno. Kila Jumatatu alichomoa mwiba mmoja mgongoni, akauchovya katika wino wa masizi, akaandika uongo mtupu juu ya majani ya mgomba. Gazeti lake aliliita Meno Nje. Mwanzoni lilikuwa na wasomaji wawili, yeye na mama mkwe wake, na mama mkwe hakucheka.

Siku moja akaandika kwamba Mfalme Kiboko ameamuru kila Alhamisi watu watembee kinyumenyume. Ulikuwa utani, jamani, lakini kwa wanyama wale, kitu kikishaandikwa kilikuwa kweli. Alhamisi ilipofika, Pundamilia kinyumenyume, Twiga kinyumenyume, Kobe kinyumenyume. Mfalme mwenyewe hakukumbuka kuamuru jambo hilo, ila aliona haya kuuliza, akaingia mtoni kwa matako.

Tangu siku hiyo Meno Nje likavuma. Harusi haikufungwa kabla halijasomwa. Nungunungu naye kichwa kikamvimba, akaandika kwamba Mfalme hana akili yake mwenyewe, huazima ya Bata. Kesho yake wenye mashtaka wote wakapanga foleni kwa Bata, na ikulu haikubaki na mtu ila Ngiri mlinzi.

Hapo ndipo Mfalme alipoelewa kwamba anachekwa. Akamtuma Ngiri na amri: keshokutwa Nungunungu ang'olewe miiba yote. Nungunungu akatetemeka mpaka miiba ikalia. Bila mwiba hana kalamu, bila kalamu hana gazeti, na bila gazeti yeye ni nani? Panya mnene tu. Aliogopa, kwa kweli aliogopa sana.

Akatoa toleo la haraka: "Imegunduliwa kwamba viboko na nungunungu ni watani tangu enzi za mababu." Kufikia adhuhuri kila mtu aliamini, na mama yake Mfalme akasema yeye anakumbuka vizuri. Na mtani, mnajua wenyewe, hakasirikiwi.

Mfalme akamwita. "Kumbe wewe ni mtani wangu?"

"Tangu babu, mtani."

"Basi mtani huchukua cha mwenzake bila kuomba," akasema Mfalme, akalichukua gazeti.

Jumatatu iliyofuata aliandika Mfalme, kwa mkono wake mnene, mstari mmoja tu: "Nungunungu ni mto laini. Aliyechoka akamkalie."

Wakaja. Akaja Fisi, akakaa, akaruka. Akaja Nyati, akakaa, akaruka. Akaja Tembo, akakaa, akaruka na kuomba radhi, maana aliona kosa ni lake, hakukaa vizuri. Gazeti lisingeweza kukosea. Hata mama mkwe, ambaye kwa heshima hakupaswa kumgusa mkwewe hata kwa bahati mbaya, alikaa. Jioni Nungunungu alikuwa mtupu, hana hata mwiba mmoja, anasikia baridi na analia waziwazi. Mfalme alicheka mpaka mto ukafurika.

Lakini kule makwao wanyama walikuwa wanachomoana miiba matakoni. Fisi akautazama wake, akauona una ncha. Nyati akautazama wake, akauona una ncha. Tembo akautazama wake, akauchovya kwenye masizi kidogo, kujaribu tu.

Jumatatu yake kulitoka magazeti mia tatu, karibu yote yakimhusu Mfalme Kiboko: matako yake, amri zake, na Bata wake. Mfalme akatafuta wa kumng'oa miiba asimpate, maana wenye miiba sasa walikuwa raia wote.

Nungunungu alikuwa amejifunika majani ya mgomba, akisubiri miiba iote, mama mkwe alipomletea gazeti aliloliandika mwenyewe. Ukurasa mzima ulihusu mkwe asiyefaa hata kukaliwa. Nungunungu akasoma, akanuna. Na mama mkwe, kwa mara ya kwanza, akacheka.

Hadithi yangu imeishia hapo, na wewe unayejikuna, tazama umekalia nini.