Fisi Mkalimani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitikia kama mmenyimwa chakula? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, watu walikuwa na lugha yao na wanyama lugha yao. Aliyezijua zote mbili alikuwa mmoja tu, naye ni Fisi. Msicheke, bado.

Palikuwa na mjane, Bi Sikudhani. Mali yake yote mbuzi mmoja, tena mwenye mimba. Mvua za masika zikamleta Mbwa, kalowa chapachapa, akajikunja mekoni. Bi Sikudhani akamwonea huruma, akamwachia alale. Lakini wataelewanaje? Akaitwa Fisi awe mkalimani.

Mbwa akasema, "Mwambie mama, ahsante kwa moto."

Fisi akageuka. "Anasema moto wako una moshi."

"Ah! Mgeni gani huyu?"

Mbwa akasema, "Mwambie mama, uji wake mtamu."

Fisi akageuka. "Anasema uji wako umeungua."

Loo! Mwanamke aambiwe uji wake umeungua, jikoni kwake mwenyewe! Wewe binti unayecheka, ngoja uolewe.

Mbwa akasema, "Mwambie mama, nitalinda zizi, mbuzi wake asiguswe."

Fisi akageuka. "Anasema leo leo atamla mbuzi wako."

Bi Sikudhani akashika mwiko. Mbwa akauliza, "Kasemaje?"

"Kasema toka!"

Maskini Mbwa, mkia ukaingia miguuni. Akatoka. Lakini hakushika njia. Alikwenda zizini, akajilaza mlangoni, mgongo kwa mbuzi, uso nje.

Bi Sikudhani akatoka nje na mwiko wake, Fisi nyuma yake. Akamtazama Mbwa. Akamtazama Fisi. Fisi alikuwa anamkodolea macho mbuzi, udenda unamchuruzika.

"Hee!" akajisemea. "Anayetaka kumla mbuzi kampa mgongo, na mkalimani ndiye anayetokwa na mate?"

Mjane si mjinga, jamani. Akasema, "Fisi, mwambie Mbwa nampenda, akae."

Fisi akageuka. "Anasema atakuchinja!"

Mbwa akatetemeka. Lakini Bi Sikudhani alikuwa ameshachuchumaa, mwiko kauweka chini, kanyoosha kiganja. Mbwa akatazama mdomo wa Fisi. Akatazama uso wa mama. Amwamini nani?

Mkia ukatikisika kidogo. Ukatikisika tena. Mara kiuno chote kikaingia ngomani!

Fisi jasho likamtoka. "A-anasema anakuchukia!"

"Ananichukia huku anakata kiuno?"

Mbwa akamlamba kiganja.

"Anaonja! Anaonja kama nyama yako tamu!"

Bi Sikudhani akacheka hadi akakaa chini. Kisha akamwuliza Mbwa, kwa macho tu: nani anamtaka mbuzi wangu? Mbwa akasimamisha manyoya, akamwelekezea Fisi pua, akanguruma.

"Anasema," Fisi akababaika, "anasema mimi rafiki yake!"

"Basi tafsiri na hili!" Mwiko ukamshukia kiunoni, pwaa! Fisi mbio, kiuno kimebonyea mpaka leo.

Mbuzi akazaa mapacha. Na tangu siku ile, ukisema na mbwa hasikilizi maneno, anakutazama usoni, apate kujua umesema nini kweli. Yeye naye hujibu kwa mkia, na mkia haujawahi kumdanganya mtu.

Hadithi yangu imejilaza hapo mlangoni. Ikikupendeza, itupie mfupa. Isipokupendeza, iruke taratibu, usiikanyage mkia.