Zulia la Upande wa Mke

Mtu mmoja kule Tukuyu alikuwa na gari kuukuu na mke mzuri, na vyote viwili alivipenda, ingawa kilichofutwa kila asubuhi ni gari. Yeye aliitwa Ambakisye, mke Tusekile. Gari lililala chini ya mparachichi, maana mwanamume akishaona kivuli cha bure hafikirii tena.

Mvua zilipoanza, zulia la upande wa mke likalowa. Ambakisye akasema ni miguu ya mke, anaingia na tope la shambani bila kujipangusa. Tusekile alikuwa na jibu, akalimeza. Zulia likaanikwa, likakauka, likalowa tena. Mume akanunua gundi, akaziba kingo za kioo cha mbele. Akaziba paa. Akaziba milango hata ikawa haifunguki mpaka uipige teke. Maji yakazidi, na gari likanuka kama soksi za bweni.

Basi Tusekile akaacha kupanda. Jumapili mume alikwenda kanisani na gari, mke kwa miguu na mwavuli, wakaketi benchi moja kama wageni. Nyumbani chakula kilipakuliwa, kikaliwa, na neno halikusikika. Majirani wakasema hao wana heshima. Heshima gani! Walikuwa wanaoza kwa adabu.

Siku moja mvua ilipokatika, Tusekile akachota kata ya maji, akaimimina chini ya kioo cha mbele, kwenye mfereji zinapolala waipa, kisha akainama kuchungulia uvunguni. Halikudondoka hata tone. Akafungua boneti. Majani ya mparachichi yalikuwa yameoza mle na kuwa uji mweusi, yamekalia tundu ambalo gari liliundwa nalo ili mvua ipite iende zake. Maji yakikosa tundu hilo hujaa, yakamwagikia ndani, miguuni pa mke. Akachomoa njiti kwenye ufagio, akachokonoa. Maji meusi yakashuka kwa kishindo, yakalowesha viatu vya Ambakisye, aliyekuwa amesimama hapo na gundi yake mkononi.

"Baba Lusajo, umeziba kila pa kuingilia," mke akasema. "Pa kutokea je, uliwahi kupatazama? Na miguu yangu huwa naipangusa. Kila siku naipangusa!"

Mume akatazama viatu vyake, akacheka. Mke akajizuia, akashindwa. Wakaketi kizingitini wakagombana mpaka chai ikapoa: miguu, tope, mama mkwe, yote yaliyokuwa yamelala mioyoni. Gari likaachwa milango wazi likauke. Jumapili walipanda wote wawili, wakibishana njia nzima, na zulia kavu.

Ninyi wajukuu zangu mliooana, mvua itanyesha tu na majani yatadondoka, hata mkipendana vipi. Sikuulizi kama kwako kumelowa. Nakuuliza hivi: lile tundu, mara ya mwisho ulilichokonoa lini?