Moshi wa Chungu Kitupu

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Wapo wanaoiona methali hii kuwa kilio cha wavivu. Na wasikie yaliyompata mchimba visima mmoja, zamani za babu zetu, mwaka ambao mvua ilisahau njia.

Mwaka huo ardhi ilikauka kau kama kigae. Panya wenyewe walihama ghalani. Hata hivyo, kila jioni moshi ulipaa juu ya kila paa. Wanawake waliinjika vyungu vya maji matupu, maana kulala njaa ni msiba, lakini jirani kujua ni aibu.

Mke wa mchimba visima alikibandua kigoda ngozi yake, akaitokosa, akawagawia watoto wanne.

"Mama watoto, nawe kula basi."

"Ulimwona wapi mpishi asiyeonja? Nimeshiba," alijibu, mifupa ya shingo imemtoka.

Siku moja afisa wa chakula alikuja kukagua njaa. Hakushuka garini, asije akachafua viatu. Alitazama moshi juu ya mapaa, akaandika: "Hawa wanapika." Lori la mahindi likapelekwa kwingine.

Mchimba visima alipopata habari, alijitwika chungu chenye masalio ya ngozi ile, akatembea kutwa hadi ofisini. Alimkuta afisa akichokonoa meno.

"Mheshimiwa, funua uone tunachopika. Mke wangu hanyanyuki tena."

Afisa alifunua, akakunja pua. "Ngozi! Si mngechinja hata kuku?"

"Kuku walikwisha zamani, mheshimiwa. Hiki ni kigoda."

Makarani waliangua kicheko. "Ripoti imeshakwenda juu," afisa alisema. "Subirini."

Wakasubiri. Wakubwa hawana haraka, njaa si yao. Lori lilifika baada ya siku arobaini, na safari hii afisa alishuka.

"Mbona kwako leo hakuna moshi?"

"Aliyekuwa akiwasha moto nimemzika juzi."

Afisa alilitazama kaburi, udongo wake ungali mbichi. Kisha akaitazama karatasi yake.

"Basi mmebaki watano. Karani, gunia hili ni la watu sita. Punguza vibaba viwili."

Karani akapunguza. Mchimba visima akasimama kando ya kaburi. Kweli, aliyeshiba hamjui mwenye njaa.